Mbili Kati ya Kumi

Dada yangu mpenzi,

Huku watoto wazima, na paa limeacha kuvuja. Wifi yako anakusalimu sana.

Mgongo wangu ni ule ule. Jumanne tarehe 9 nilipewa fomu ya maswali kliniki. Swali moja lilisema: kutoka sifuri hadi kumi, unaamini kiasi gani kwamba baada ya miezi sita utakuwa umerudi kazini? Unanijua, siwezi kudanganya karatasi. Nilifungua shajara yangu, nikahesabu asubuhi nilizoshindwa kufunga viatu mwenyewe, nikaandika mbili.

Mtaalamu wa mazoezi alisema picha ya mgongo haina cha kutisha.

"Kinachonitisha ni hii mbili yako, fundi. Wanaojibu hivi, wengi hawarudi kazini."

"Basi nipe fomu nyingine nijaze kumi!"

Akacheka. "Kumi ya karatasini haipigi mbao randa, kaka. Kwanza uache kuogopa kuinama."

Dada, kila asubuhi najilazimisha kuamini, na kila nikiinama hofu inaniinua kabla sijafika chini. Wifi yako nilimwambia nimeandika nane. Siku hiyo hiyo akaenda karakana kumsihi bosi asimpe mtu mwingine benchi langu, na bosi amekubali kusubiri miezi sita. Tangu siku hiyo anaimba jikoni. Mimi nimelala chali chumbani, namsikiliza.

Nimwambieje? Nijibu upesi, dada, kabla sijazoea kumdanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi