Samurai Amenifunga Mdomo

Jumamosi. Jua limewaka Birmingham tangu asubuhi, na watu wamevua makoti kama waliorogwa. Mimi langu sijavua. Sidanganywi na jua la huku.

Leo nimefurahi mpaka naona aibu, ndiyo maana naandika.

Mjukuu wangu Neema anasoma mambo ya filamu chuoni. Nilimwambia wazi: hiyo si kazi, hiyo ni kukaa gizani. Lakini leo alikuwa anawaonyesha kina mama wetu wa Kiswahili filamu ya samurai, wale wapiganaji wa zamani wa Japani wenye panga, kwenye ukumbi wa mtaani kwetu, Balsall Heath, mara yake ya kwanza. Tangu juzi hali wala halali. Aliogopa jambo moja tu, kwamba watainuka waende zao.

Aliyeitengeneza ni mzee wa Kijapani, marehemu sasa. Neema amenisimulia habari zake mpaka namjua kama jirani. Alianza kwa kubeba waya na kuwapelekea wakubwa chai. Akapigiwa kelele miaka mingi, ndipo akapewa filamu yake. Akatengeneza za samurai mpaka uzeeni, na mvua isiponyesha kwa nguvu anayotaka, anawarudisha watu wote nyumbani wangoje nyingine. Mtu mkali. Nikampenda hapo hapo.

Basi ikaanza. Wanasema Kijapani, na chini maandishi ya Kiingereza yanapita mbio kama panya. Nusu ya wale kina mama hawayasomi. Hata mimi siyasomi, na sioni haya kusema. Mama Furaha, Mkongo wetu anayeketi mbele siku zote, akaokota mkoba wake. "Ah non, mi naenda kupika." Nikamwona Neema pale ukutani, anautazama mlango.

Nikasimama.

Zamani Nakuru niliuza mandazi mlangoni pa ukumbi wa video. Ndani alikuwapo DJ wa kutafsiri sinema za ngumi kwa Kiswahili, na Kichina hakujua hata salamu. Watu walijaa mpaka madirishani. Nami leo nikaanza, bila kipaza sauti, sihitaji:

"Huyu mrefu ni shemeji yake! Amekula mahari ya watu, sasa anajifanya hajui!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Furaha akaweka mkoba chini. "Mumukate kichwa!"

Neema akajishika kichwa. "Nyanya, no! He's the doctor!"

Daktari gani anatembea na upanga? Nyamaza, mtoto.

Nikaendelea hivyo mpaka karibu na mwisho, pale wanaume wawili wanaposimama nyasini wakitazamana. Kamera haisogei. Upepo tu. Neema akaja akanishika mkono. Ndipo nikaona kazi ya yule mzee: anakungojesha mpaka moyo unataka kuruka nje.

Nikafunga mdomo. Mimi!

Ukumbi mzima ukatulia, hata Mama Furaha, ambaye kanisani hatulii. Upanga ukapita mara moja, na sote tukapiga yowe.

Hakuna aliyeondoka. Walimzunguka Neema wakidai nyingine, naye anacheka, machozi yanamtoka.

Amenipa kazi ya kudumu ya kutafsiri, kwa sharti moja: akinishika mkono, ninyamaze. Nimekubali. Marehemu babu yake aliniomba hilo hilo maisha yake yote, hakulipata.