Siku Mpira wa Bustani Ulipotoa Maji Meupe

Jumapili, baada ya adhuhuri. Joto, na hakuna upepo hata kidogo; kanga nilizoanika asubuhi zimening'inia tu. Nimeoga mara mbili na bado mikono yangu inanuka kutu. Nimekaa barazani na simu yangu, naandika haraka kabla hisia hii haijaniponyoka, maana sijui hata niiite nini.

Nianze na ukweli.

Kisima chetu hapa kisiwani, kijijini Miburani, kilinivunja moyo. Nilikichimbisha baada ya mume wangu, Hamisi, kufariki, ili mama yake asihangaike tena na ndoo. Maji yalipopatikana tulisoma dua, nami nikajivuna kwa majirani. Yanatoka ardhini safi kabisa. Lakini yakilala kwenye tangi, asubuhi unayakuta mekundu kama chai iliyozidi majani. Fundi aliniambia ni chuma kilichomo ardhini, na hakuna wa kulaumiwa. Sawa, lakini chuma hicho kimeharibu kila kitu cheupe ndani ya nyumba hii. Mashuka, ndoo, taulo. Na ushungi wa sala wa Mama.

Mama ni mama mkwe wangu, Bi Zuhura. Mzaliwa wa Jibondo, kile kisiwa kidogo kisicho na maji matamu, mwembamba, na umri wake anaukadiria tu. Si mtu wa kulalamika. Alipoona ushungi wake umegeuka rangi ya mchanga aliukunja, akauweka kando, akasema, "Maji haya yamenishinda." Hakuyagusa tena. Akawa anatawadha kwa maji ya mvua aliyoyakinga kwenye diaba, na diaba likikauka anakwenda kuomba kwa jirani.

Mama mkwe wangu anaomba maji, na kisima kipo uani kwangu.

Mimi ni mwalimu. Nimesimama mbele ya darasa la watoto sabini bila kutetemeka, lakini kumtazama yule mama akivuka njia na kidumu cha watu nilishindwa. Nilikuwa najifanya natafuta kitu ndani.

Wiki mbili zilizopita aliniambia, "Mama Shufaa, nadhani nirudi Jibondo. Mtoto wa marehemu kaka yangu ana chumba." Hakuwa na hasira. Alisema kama anayeaga kwenda dukani. Nikamjibu, "Sawa, Mama," nikaingia jikoni, nikakata vitunguu ambavyo sikuvihitaji, nipate sababu ya machozi.

Hamisi hayupo. Binti yetu, Shufaa, yuko chuoni Dar es Salaam. Hakuna sheria inayowafunga wanawake wawili kama sisi kukaa nyumba moja. Sijawahi kuliandika hili hapa: naogopa kubaki peke yangu.

Shufaa ndiye aliyetafuta chujio la maji. Nilimsimulia kwenye simu, naye baada ya siku chache akalituma, likavuka kwa boti kutoka Nyamisati, bara, limezungushiwa magazeti. Ni kopo la plastiki linaloonyesha ndani, kubwa kama chupa ya chai, na katikati yake limewekwa bunda la uzi mweupe uliosokotwa ukabana. Unalifunga kati ya koki ya tangi na mpira wa bustani. Basi. Nilipoliona nilikata tamaa. Kitu chepesi hivi kishindane na ardhi nzima ya Miburani?

Jana nililifunga mwenyewe. Nilizungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye koki, nikakaza, nikafungua. Maji yakaruka pembeni, yakanilowesha kuanzia kifuani hadi miguuni, mekundu vilevile. Nikafungua upya, nikaona mdomo wa chujio ni mpana kuliko koki yangu. Nikaenda Kilindoni, nikazunguka maduka matatu, nikapata kiunganishi. Nikarudi, nikafunga, safari hii hayakuvuja hata tone. Wala hayakutoka hata tone. Nilipiga lile kopo makofi kama redio mbovu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Ananitazama, anaendelea kuchambua.

Leo asubuhi nilipolipangusa vizuri ndipo nikaona mshale mdogo umechorwa kwenye mfuniko. Maji yaingie huku, yatokee kule. Mimi nilikuwa nimelifunga kinyumenyume. Mwalimu mzima, kila siku nawaambia watoto wasome maelekezo kwanza.

Nikaligeuza. Nikasema bismillahi, nikafungua koki.

Mpira ulikohoa upepo. Ukatema maji mekundu kidogo, yale yaliyobaki ndani yake. Kisha yakatoka meupe.

Sikuamini, nikakinga kwenye bilauri. Nikaiinua juani. Niliuona mwembe wa jirani kupitia yale maji, jani kwa jani. Nikatazama kopo: upande wa kuingilia maji ni mekundu, yanazunguka ule uzi, na uzi umeanza kushika rangi ya kahawia. Upande wa kutokea, hakuna kitu. Kati ya hapo na hapo hakuna hata upana wa kiganja. Ni maji yaleyale. Yamepita kwenye uzi tu.

Nilisimama pale na bilauri yangu juu.

Mama akaja. Sikumsikia, nilishtukia kivuli chake kwenye tope.

"Yale mekundu yamekwenda wapi?"

"Yamebaki humu, Mama. Tazama."

Akaliwekea mkono lile kopo, akauacha hapo. Kisha akasema, "Funga, yanamwagika." Nikafunga. Akangoja kidogo. "Fungua tena." Nikafungua. Tukafanya hivyo mara tatu, na kila mara yalitoka meupe, na kila mara yeye aliinama kuyatazama yakitoka.

Akaniomba mpira. Miaka yote amekuwa akimwagilia bamia zetu kwa kopo la mkono, hakuwahi kuushika ule mpira. Nikamletea kigoda, akakaa, akatawadha. Alipomaliza miguu hakusimama. Aliacha maji yapite juu ya vidole vyake, taratibu, na mpira ameushika kwa mikono miwili.

"Siku niliyomzaa Hamisi," akasema, "mtungi ulikuwa mkavu."

Mimi nilikuwa nimechuchumaa nakaza klipu inayoubana mpira. Nikaacha.

"Mashua ya maji ilikuwa haijaja, siku ya tatu ile. Mkunga akasema mtoto apanguswe kwa kitambaa tu, basi. Halafu wanawake wakaanza kuingia. Mmoja mmoja. Kila mtu na kata yake ya maji, ameifunika kwa kiganja yasimwagike njiani. Na majumbani kwao hawana. Nilikuwa nimelala pale chini nawahesabu. Kumi na mmoja. Mwanangu akaogeshwa, mwili mzima, mpaka kichwa."

Alisema hivyo akiwa anayatazama maji, hakunitazama mimi.

Nikamuuliza kama Hamisi aliwahi kuambiwa. "Alipopata akili nilimshika mkono, nikampitisha nyumba zote. Nikamwambia, huyu naye alikuogesha."

Hapa naomba nipumue kidogo kabla ya kuendelea.

Niliishi na Hamisi miaka ishirini na miwili. Kila tulipokwenda Jibondo aliingia nyumba hadi nyumba. Shikamoo kwa bibi huyu, anakaa, anauliza hali ya goti, anatoa sukari kwenye mfuko. Shikamoo kwa bibi yule, anakaa tena. Mimi nilikuwa namfuata nyuma nimevimba kwa hasira. Nilidhani anajipendekeza, anataka kuonekana mtu mwema. Siku moja nilimwambia kabisa, "Hivi hawa wote ni shangazi zako?" Akacheka. Akasema, "Zaidi," akaingia nyumba iliyofuata.

Nilioga naye maji ya nyumba moja miaka yote hiyo. Nilimwona akioga kwa nusu ndoo na kubakiza. Nilimwona akiamka usiku kukaza koki ya pipa inayodondosha. Nilidhani ni ubahili.

Nilikaa chini palepale kwenye tope. Nilijaribu kuwaza mwanamke anayetoka nyumbani kwake na kata moja, watoto wake wana kiu, anatembea juani na kiganja juu ya maji, kwenda kumwogesha mtoto asiyemjua bado. Kisha nikamwaza wa pili. Nilipofika wa nne au wa tano nilishindwa kuendelea. Mume wangu aliingia duniani kwa mikono hiyo, nami nilikuwa nasimama mlangoni mwao nikitazama saa.

Mama akafunga koki mwenyewe. Ameshajua inavyozungushwa.

"Nitakwenda Jibondo," akasema.

Nikajua basi, nimechelewa, chujio limekuja wakati mtu ameshaamua. Nikasema tena ile "Sawa, Mama" yangu.

"Jumamosi. Wamebaki wawili tu katika wale, Bi Mwanaidi na Bi Hadia, na Bi Hadia haoni tena. Twende wote. Tangu Hamisi aondoke hakuna aliyewapelekea shikamoo." Akanyanyuka, akajipangusa miguu kwa upindo wa kanga. "Ila tusilale siku nyingi. Bamia hizi nani atazimwagilia?"

Kisha akaingia ndani kuswali, ameniacha pale chini na spana mkononi.

Sasa hivi nasikia tasbihi yake ikigonga ukingo wa kitanda. Ushungi wake nimeuloweka kwenye maji mapya yenye ndimu; doa halitatoka lote, najua, lakini limeanza kufifia. Maji ya kunywa nitaendelea kuchemsha, na ule uzi itabidi niuoshe kila wiki, maana umeshakuwa na rangi ya udongo. Hayo nayaweza.

Lisiloniingia akilini ni Jumamosi. Nitavua viatu mlangoni kwa Bi Hadia, nitasema shikamoo, naye ataitikia marahaba na kuuliza ni nani. Nitamwambia ni mke wa Hamisi. Na baada ya hapo? Mtu aliyemletea mumeo maji ya kwanza ya maisha yake, unamwambia nini?