Sparadra Juu ya Taa

Lulimba, tarehe 4 mwezi wa 11, 2024

Baba Albert,

Jambo sana. Uko muzima? Mugongo inaendelea aje? Mama iko na nguvu? Huku tuko bazima kwa neema ya Mungu, ila roho yangu haitulie.

Réseau ya simu ya huku ilikufa na mvua, ndiyo maana minamupa Eddy wa pikipiki barua hii. Nilifika ijumaa kumuchukua mudogo wangu Pulchérie, sawa tulivyopatana. Tumbo iko kubwa, siku zinakaribia kutimia. Unajua mutoto wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa, na munganga aliyemupasua alimukataza kuzalia mbali na hopitali yenye kupasua. Lulimba hakuna. Lazima nimufikishe Fizi ama Baraka.

Sasa sikia. Kilomita tatu kabla ya kufika, jiwe ilipasua pine, tairi yangu ya nyuma, na ya akiba ilikuwa imekufa zamani. Rafiki yako Baba Semutobo akapita na maharagi yake ya Lubondja. Hakuuliza kitu, alishusha pine yake ya akiba akanipa. Unajua sheria ya barabara yetu: pine unapewa na shofere mwenzako, haukatae, haupime, unafunga na kushukuru. Nikafunga. Zangu zimeandikwa 265/70, yake 235/85, lakini jante, ile chuma ya katikati, zote ni kumi na sita, ikaingia vizuri.

Tangu pale, taa ya rangi ya machungwa imewaka kwenye tablo mbele ya usukani, picha ya motokari inayoteleza. Na kwenye matope nikikanyaga gaz, moteri inalegea tu. Nifanye nini? Jibu mbio.

Mutoto wako, Arlette

Baraka, tarehe 6 mwezi wa 11, 2024

Arlette binti yangu,

Jambo. Mugongo ni ule ule. Mama yako anakusalimia, anasema ukule vizuri.

We ni shofere wa nani? Si wangu? Motokari za leo zinalia-lia bure. Miaka makumi tatu na mbili minafunga pine, sijaona hata siku moja taa ikipanda mulima. Jante kumi na sita, pine kumi na sita, imeisha! Chukua sparadra, ile ya kubandika kwenye kidonda, uibandike juu ya taa usiione tena. Ndivyo minafanyiaka batu wote hapa.

Na usitoe pine ya Semutobo na kutafuta ingine. Atasikia, na ataumia roho. Panda na gaz yote, usiogope.

Baba yako, Albert

Lulimba, tarehe 9 mwezi wa 11, 2024

Baba,

Salamu. Leo siulizi habari ya mugongo, unisamehe.

Jana tulitoka saa mbili ya asubui. Sparadra ilikuwa pale, nilibandika sawa ulivyosema. Pulchérie alikaa nyuma, mama mukwe wake Suzanne akamushika. Mulima wa kwanza, matope mpaka kwa jante. Nikakanyaga gaz yote. Katikati nasikia trr-trr-trr chini, frein, breki za gurudumu, zinajifunga zenyewe, na mi sijagusa! Moteri ikakosa nguvu. Minakanyaga, inakataa. Tukaanza kurudi nyuma. Baba, tulirudi nyuma na mudogo wangu ndani! Frein ya mukono haikushika. Jiwe ndiyo ilitusimamisha, gurudumu moja ikiwa hewani juu ya korongo. Suzanne alikuwa anaita Yesu. Pulchérie alishika tumbo na mikono yote mbili.

Bachimba zahabu ba Misisi balitusukuma tukarudi. Leo asubui Pulchérie ameona damu kidogo. Munganga wa hapa anasema tusipitishe siku ine.

Batu banasema asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Mi nilisikia, Baba, na ilibakia kidogo tuvunjike sisi wote. Kama haujui kitu, sema haujui.

Mutoto wako bado, Arlette

Baraka, tarehe 10 mwezi wa 11, 2024

Arlette,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini. Mama yako nimemuambia muko bazima tu.

Nimemeza kiburi nikaenda kwa Merveille, ule anayetengeneza nyaya za motokari pale sokoni. Miaka yote nilimuchekaka, eti mwanamuke na ordinatere, kompyuta ya motokari. Yeye hakunicheka. Alichukua 265/70 moja na 235/85 moja, akazipima na kamba mbele ya macho yangu. Jante ni moja, lakini ya Semutobo inapita yako urefu karibu sentimetre tatu.

Anasema kila gurudumu iko na kidude kinachohesabu mizunguko. Pine kubwa inazunguka pole, ndogo zinazunguka mbio. Ordinatere haioni matope wala mulima, inahesabu tu. Ikiona gurudumu moja inakimbia kuliko mwenzake, inasema hii inateleza, basi inaifunga frein na kunyima moteri nguvu. Pale penye unahitaji nguvu ndipo inakunyang'anya. Taa ilikuwa inasema kweli, na mi nikakuambia uifunike.

Eddy anakuletea 265/70, ameivaa mwilini sawa mukanda. Nimeitoa kwenye motokari yangu mwenyewe, imechakaa sawasawa na zako. Soma namba yote kwenye pine zote ine, si ya jante tu. Taa ikizimika, panda. Isipozimika usitoke, hata nani akuambie, hata mi.

Kuuliza si ujinga. Mi nimezeeka nikasahau. Nisamehe, mutoto wangu.

Baba yako

Lulimba, tarehe 18 mwezi wa 11, 2024

Baba,

Jambo. Uko muzima? Mugongo inapungua? Mi niko muzima.

Mama alitufikia Fizi, atakuwa amekueleza, lakini usikie kwangu pia. Nilitoa sparadra, nikafunga pine yako, taa ikazimika kilomita ya kwanza. Mulima ule ule tulipanda pole. Ilipoteleza nilisikia trr moja tu, ikashika, tukaendelea. Uchungu ulimukamata Pulchérie karibu na Fizi, tukaingia hopitali ya pale, balimupasua, iko muzima. Ni binti, na kelele yake inajaza hopitali! Nililia mpaka Suzanne akanigombeza.

Sasa kuna ingine. Nimerudi Lulimba kuchukua ule mutoto wa kwanza wa Pulchérie, na kumurudishia Baba Semutobo pine yake. Nilimukuta anapakia batu ba kwenda Misisi. Motokari yake ni aina moja na yangu. Muke wake, Mama Nyiramahoro, alikuwa amekaa mbele, mukono umefungwa na kitambaa shingoni. Mwezi wa tano balirudi nyuma kwenye mulima, Baba. Mukono ulivunjika pahali mbili na mpaka leo haunyooki. Banasema ni mulima mubaya tu.

Nikaangalia tablo. Kuna kipande cha sparadra, kimekuwa cheusi kwa vumbi. Nikauliza nani alibandika. Baba Semutobo akacheka.

"Si baba yako! Alinifungia pine mbili za 235 nyuma, akaniambia hii taa ni kelele tu."

Niliitoa sparadra na ukucha. Chini yake taa ilikuwa inawaka.

Sikumuambia kama ni hizo pine ndizo zilibarudisha nyuma. Hiyo si kazi yangu, ni yako. Nimemuomba tu ashushe batu, asipande mulima mpaka ufike. Hakuuliza sababu. Alisema, "Kama ni Albert anakuja, nitangoja," akaanza kushusha mizigo.

Eddy aliyekuletea barua hii iko kwenye mulango. Panda nyuma yake, uje na pine mbili sawa na zake za mbele, na umutazame Mama Nyiramahoro kwa macho.

Mutoto wako, Arlette