Mrithi wa Mtu Aliye Hai

Jumamosi, Korogwe. Mvua ilianza alfajiri, ikapumzika mchana, na sasa imerudi na upepo. Nimekaa jikoni na kompyuta kwa sababu sebuleni mume wangu anaangalia mpira na kumshauri refa kwa sauti ya juu. Nimechoka, nina matope mpaka magotini, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nianze na aibu.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba nimejitosa kwenye shahada ya udaktari ya uongozi wa Kikristo. Hii yetu si ya kujifungia maktaba. Wanataka mradi wa vitendo: utafute tatizo ndani ya kanisa lako, upendekeze namna ya kulishughulikia, ulifanyie kazi na watu wenyewe, ndipo uandike kilichotokea. Alhamisi natetea pendekezo langu mbele ya jopo.

Tatizo sikulitunga. Mimi ni mchungaji wa usharika, lakini makanisa madogo ya vijijini, yale tunayoyaita mitaa, yanaendeshwa na wainjilisti, na wengi wao ni wazee. Mtaa mmoja upande wa Hale ulifiwa na mwinjilisti wake. Hakuna aliyejua ni wagonjwa gani alikuwa akiwatembelea, wala ni watoto gani walikuwa wamefikia wapi katika mafundisho ya kipaimara. Waumini wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Nilirudi pale mara kadhaa kuhubiri, na kila mara mabenchi yalikuwa wazi zaidi.

Basi nikaandika kichwa cha mradi kwa mbwembwe zote: Kuandaa Warithi wa Uongozi katika Mitaa ya Vijijini. Msimamizi wangu alikipenda. Mimi nilikipenda zaidi yake. Nikaamua mradi uanzie Magoma, kwa Mzee Shekiondo, mwinjilisti wa mtaa ule.

Mzee Shekiondo ndiye aliyenifundisha kipaimara. Nilikuwa msichana wa Kizigua kutoka Handeni, nimeletwa Magoma kukaa na shangazi, mwembamba, mwenye maswali mengi kuliko adabu. Wengine walinikemea, yeye alinipa somo la Jumapili nisome. Nikisoma, alisimama nyuma yangu akikohoa kila nilipoyakimbiza maneno. Yeye ndiye aliyenifundisha kumaliza mahubiri kabla mtoto wa kwanza hajalia. Ni mbishi, anaimba beti zote za kila wimbo hata zile zisizojulikana na mtu, na hajawahi kukisamehe kinanda cha vijana. Nampenda kama baba. Si kama baba, ni baba.

Na siku hizi anasahau. Mwezi uliopita alisoma matangazo, akakaa, akasimama, akayasoma tena. Watu wakasikiliza mara ya pili kwa heshima zote, na mimi nikaangalia sakafu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada huko Magoma, niliwasomea wazee wa kanisa na akina mama pendekezo langu. Nilipofika kwenye neno "mrithi," mama mmoja akajifunika khanga na kupiga ukunga wa msiba: "Uuuwi, mwinjilisti wetu jamani, katutoka akiwa anatuangalia!" Watu wakaangua kicheko. Sisi Wazigua na Wasambaa ni watani, na mzee ni Msambaa aliyeshuka kutoka milimani, kwa hiyo wote wakadhani mchungaji Mzigua kaja na utani mzito. Mzee mwenyewe alicheka kuliko wote. Alilaza shingo upande, akatoa ulimi.

Halafu mimi nikaendelea kusoma.

Nikasoma kwamba mrithi atatambuliwa mapema. Nikasoma kwamba atajengewa uwezo, na kwamba makabidhiano yatafanyika kwa utaratibu. Kicheko kikapungua, kikaisha. Mzee akarudisha shingo mahali pake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante Mchungaji, akatoka nje kabla ya sala ya kufunga. Yeye ndiye hufunga siku zote.

Huku kwetu mrithi hatajwi mtu akiwa hai. Anatajwa siku ya kumaliza matanga, mbele ya ukoo, anakabidhiwa kanzu ya marehemu na jina lake, na zamani hata mjane wake. Nimeyaona haya Handeni nikiwa mtoto, hakuna mtu wa kunifundisha. Lakini nilikuwa nimesoma makala nyingi mno za urithishanaji wa uongozi, nikalizoea neno mpaka likapoteza maiti yake.

Wiki nzima hakunipigia. Kwa kawaida hunipigia asubuhi, anasoma mstari mmoja, anakata bila kuaga. Nilikuwa nanung'unika kwamba ananiamsha. Wiki hii niliamka mwenyewe saa ile ile na kulala nikiiangalia simu.

Aliyepiga ni mkewe, Mama Eliya. Akauliza habari za watoto, za mvua, za kuku, kisha akasema, "Mchungaji, dada zangu huko Lushoto wameshasikia. Wananiuliza kama na mimi nimo kwenye urithi." Nikacheka. Yeye akacheka kidogo tu.

Ndipo nikajua lazima niende, na niende bila karatasi.

Leo nimepanda pikipiki ya usharika mpaka Magoma. Nimeanguka mara moja, polepole, kwa heshima, kwenye tope lililonipokea vizuri. Nimemkuta mzee barazani akipukuchua mahindi, amenipa mgongo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kupima?"

"Kupima nini, baba?"

"Kaburi."

Mama Eliya alisimama mlangoni na ungo mkononi, anatungoja. Lakini nilijua kwamba akinitania mlango haujafungwa. Nikamwambia, "Nimekuja na futi kabisa. Ila Msambaa mwenyewe mrefu hivi, tutakukunja magoti."

Mama Eliya aliweka ungo chini ili acheke vizuri. Mzee aliuma midomo, mabega yakamsaliti. Akanisogezea kigoda na nusu ya mahindi.

Tukapukuchua. Nikamwomba radhi. Nikamwambia neno lile nimeliokota vitabuni na kulileta kwake bila kuliangalia usoni. Nikamwambia habari za Hale, na jinsi ninavyoogopa. Sikumwambia kuhusu matangazo, ila nadhani aliyasikia humo humo. Nikasema ninachotaka ni mtu akae naye, amfuate kwa wagonjwa, amwone anavyopatanisha wanandoa, ajifunze huku yeye mwenyewe yupo na anafoka.

"Nani?" akauliza.

"Utamchagua wewe."

Mkono wake ukasimama kwenye gunzi. "Mimi nilidhani mmeshamchagua."

Kumbe hilo ndilo lililomuuma. Kifo anakijua, amezika nusu ya Magoma. Alidhani tumekaa mjini, mimi na wasomi wenzangu, tukamweka mtu mwingine kwenye nafasi yake, na kwamba mimi ndiye niliyetumwa kumpa taarifa.

Nikasema hapana baba, hakuna mtu. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Na mimi nilishaandaa mtu," akasema. "Miaka ile. Nikamkoholea mpaka akajua kusoma. Mjini wakamwona, wakamchukua wakamfanya mchungaji. Sikusema neno, kazi ya Mungu ni kazi ya Mungu. Lakini sasa anakuja na pikipiki kuniuliza habari za mtu wa kuandaa."

 Nililia pale pale juu ya mahindi, mchungaji mzima, na Mama Eliya akanipa kona ya khanga yake. Miaka yote hii nilidhani alikuwa ananisomesha kipaimara tu.

Nimerudi nyumbani na kufuta kichwa cha mradi. Sasa kinasema: Kukaa na Mwinjilisti. Msimamizi atasema hakina uzito wa kitaaluma, na nitabishana naye, maana ubishi nao nilifundishwa Magoma. Sura ya kwanza nayo nitaiandika upya. Nilikuwa nimeandika kwamba kanisa letu halina utamaduni wa kuandaa viongozi. Sentensi hiyo nimeifuta nikiona haya, peke yangu, hapa jikoni.

Mzee amekubali. Hajasema amekubali, asingeweza. Nilipoaga alitushika mikono, mimi na mkewe, akasali sala ndefu ya kuombea barabara, na mahindi, na jopo la Alhamisi, "wale watu wenye maswali, Bwana, uwalainishe." Kisha akasema:

"Na huyu mwanangu umpe huo udaktari wake. Huyo mtu wa kukaa na mimi umlete, ila awe anajua kuimba. Na mimi unibakize niione kofia ya mwanangu. Baada ya hapo, Bwana, wewe na mimi tutaongea."

Mama Eliya akasema amina. Mimi nilichelewa kidogo.

Mpira umeisha sebuleni, nyumba imetulia. Nina kazi ya kuandika mpaka Alhamisi, na wasiwasi wangu wote upo palepale. Naomba nipite. Mradi huu nautaka kwa moyo wangu wote, kila ukurasa wake, na najua vizuri unatuandaa kwa siku gani, ile ambayo baba hatakuwepo.

Mungu wangu, nisaidie niumalize. Lakini wewe usiwe na haraka.