Halumi Katika Nyumba Isiyo na Chumvi

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Binti yetu Najiat ameondoka na basi la asubuhi kurudi Dar. Nyumba imepoa ghafla. Ametuachia mashine na jibini.

Mashine anaiita eafraya. Nimesoma maelezo yake yote. Ni tanuri dogo lenye feni, basi: waya unapata moto, feni inazungusha hewa ya moto pande zote za chakula, na mafuta yanatosha kijiko badala ya karai zima. Ameninunulia kwa sababu ya presha yangu. Jibini ameipata kule hotelini anakofanya kazi jikoni, pakiti kadhaa, zimesafiri katika kiboksi cha barafu. Inaitwa halumi. Asili yake kisiwa cha Kupro, maziwa ya mbuzi na kondoo. Ajabu yake ni kwamba haiyeyuki motoni. Sababu ni rahisi: yale mabonge ya maziwa huchemshwa kabla ya kuwa jibini, kwa hiyo moto si mgeni kwake.

Mama yake, Zamda, aliibonyeza kwa kidole akasema hiyo ni sabuni ya kufulia, mtoto ameuziwa. Maziwa yanayokatwa kwa kisu yeye hali. Na sufuria isiyoonyesha moto hapikii.

Kabla ya kupanda bajaji kwenda stendi, Najiat alinivuta pembeni. Baba, hiyo imelala kwenye maji ya chumvi. Ni ya mama na wageni. Wewe kipande cha kuonja tu, na ukiloweke kwanza.

Nikamjibu kwamba nimefundisha kemia mpaka nikastaafu, chumvi naijua.

Jumatatu, 11 Agosti

Zamda huenda darasa la kina mama msikitini baada ya alasiri na kurudi magharibi ikikaribia. Leo alipotoka tu, nikafungua friji.

Niliikata unene wa kidole. Nikailoweka kwenye bakuli, nikabadilisha maji, nikaikausha kwa kitambaa safi — ikiwa na maji itachemka badala ya kukaangika. Nikaipaka mafuta kidogo. Mashine ipate moto kwanza, digrii mia mbili. Dakika chache, unageuza, dakika chache tena. Ikatoka rangi ya maandazi.

Inalia menoni! Unaitafuna inakujibu, kama kiatu kipya. Nje ngumu kidogo, ndani laini, na kwa mbali, nyuma kabisa ya ulimi, chumvi.

Niandike wazi chumvi ni nini kwetu. Nilipoanguka mwezi wa Ramadhani, tabibu akasema chumvi basi. Zamda alitoka zahanati, akaingia jikoni, akachukua pakiti ya chumvi akampa jirani. Nikamwambia, mama Najiat, wewe si mgonjwa, jipikie chako. Akasema nyumba moja chungu kimoja. Tangu siku hiyo hajaonja chumvi. Kwenye harusi anakaa na sahani tupu, anasema ameshiba. Mwanamke aliyekuwa anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili hadi machozi yanamtoka.

Nilikula vipande vyote. Nikaosha bakuli, nikafungua madirisha.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekula tena. Niliiloweka kidogo tu. Ukiiloweka sana inakuwa kama kifutio.

Zamda amerudi akanusa. Akauliza, Mwalimu umepika nini? Nikasema viazi vitamu. Akafurahi kwamba mashine ya mtoto haikai bure.

Nimekuwa nikijipa moyo kwa historia. Mji huu ulikulia katikati ya njia ya misafara. Chumvi ya Uvinza ilipita hapa mabegani mwa wapagazi, watu wakiisubiri kama mvua. Babu wa babu yangu alikuwa mmoja wa waliobeba. Kwa hiyo tamaa hii nimeirithi.

Nimeisoma tena aya hiyo. Wapagazi hawakula mzigo wakawadanganya wake zao kuwa ni viazi.

Ijumaa, 22 Agosti

Sikuiloweka kabisa. Sina la kueleza.

Jumatano, 27 Agosti

Kliniki. Zamda huwa hakosi kunisindikiza. Samweli, yule tabibu kijana, alinifunga ule mkanda mkononi, akapima, akangoja, akapima tena. Mia na themanini kwa mia na tano. Akauliza, Mzee, umeacha dawa? Sijaacha. Unakula nini?

Nilifungua mdomo. Zamda akajibu kabla yangu, kwa fahari, kama mwanafunzi anayejua somo. Ugali, mlenda, nsansa — zile zetu, majani ya kunde ya kukausha — samaki wa kuchemsha. Chumvi hakuna, daktari, hata punje. Namtilia magadi kidogo tu kwenye mlenda, uteleze.

Samweli akaweka kalamu chini. Magadi? Mama, magadi nayo ni yale yale.

Nilimwona Zamda anapungua kwenye kiti. Kwake yeye, kama kwa mama yake na bibi yake, chumvi ni chumvi na magadi ni magadi. Chumvi ni ya ladha, magadi ni ya kulainisha. Nyumba nyingi hapa Ng'ambo zingefanya kosa hilo hilo. Nami nimekula mlenda huo miezi yote, nikijua kuna magadi, mtu wa kemia, na haikunijia. Kliniki zote za nyuma presha ilikuwa inashuka, na magadi yalikuwemo. Iliyoongezeka ni halumi. Nililijua hilo palepale kwenye kiti.

Sasa niandike nilichofanya njiani. Nilimweleza. Polepole, kwa mifano, kama darasani. Kwamba chumvi na magadi ni ndugu, kila moja ina sodiamu ndani yake, na sodiamu ndiyo inayovuta maji kwenye damu, na damu ikijaa maji inasukuma mishipa, mfano wa mpira wa bustani uliobanwa. Nilieleza vizuri sana. Alikuwa akitembea nyuma yangu kidogo. Tulipofika kwenye geti aliniambia, kumbe ni mimi.

Baada ya isha alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, baba Najiat, nisamehe. Nilikuwa nakuua na mkono wangu.

Nikamwambia nimekusamehe.

Alhamisi, 28 Agosti

Nilimwambia nimekusamehe. Sikulala.

Mlenda wa leo hauna magadi. Haushuki. Ameula wote huku akinitazama kama nami naula.

Ijumaa, 29 Agosti

Baada ya swala nilipita kwa Mabruki, fundi cherehani. Tumesoma wote madrasa, ananifahamu tangu sina meno ya mbele. Nikamuuliza kwa kuzunguka: mtu akiwa anamficha mkewe jambo, na mke akajilaumu yeye, mtu huyo aanzie wapi?

Akasimamisha pedali. Umeoa, Mwalimu?

Nikasema hapana. Ni mtu tu.

Huyo mtu tu ana mwanamke wapi, Kachoma au Cheyo?

Hana mwanamke. Anakula.

Anakula nini?

Jibini.

Alicheka mpaka mteja aliyekuwa anapimwa kanzu akatoka nje kungoja. Akafuta macho kwa kitambaa cha watu. Akasema, ingekuwa mwanamke, Mwalimu, ningekuwa na la kukushauri. Jibini sina uzoefu nayo.

Nilipokuwa naondoka akaniita. Hakuwa anacheka tena. Akasema, lakini mwambie upesi, maana hajilaumu kimoyomoyo tu, anawaambia watu. Mke wangu ameyasikia darasani.

Jumapili, 31 Agosti

Ni kweli anawaambia watu. Amempigia hata dada yangu Amne, anayekaa Kigwa. Amemweleza yote mwenyewe, magadi na mlenda na namba za presha, kama mtu anayejipeleka kituoni.

Dada Amne amekuja na treni. Amesema ni kwa ajili ya Maulidi, lakini kapu lake lina mwiko wake na chungu chake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku ananitazama vifundo vya miguu kama vimevimba. Ni mkubwa kwangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki, na hadi leo akiingia chumbani nasimama.

Hakumgombeza Zamda. Laiti angemgombeza. Alisema kwa sauti ya kumliwaza mgonjwa: wifi, kila mtu na kipaji chake, wewe pumzika, jikoni niachie mimi. Zamda akafungua pindo la kanga akampa ufunguo wa stoo. Mwanamke amepika katika nyumba hii tangu tuoane, amelitoa jiko kama mtu anayerudisha kiti cha kuazima.

Najiat alipiga simu. Zamda akamwambia pia. Mtoto akaomba kuongea na mimi. Nikaashiria kwa mkono kwamba naingia chooni.

Jumatatu, 1 Septemba

Dada anachemsha kila kitu. Zamda anakaa barazani na sinia la kunde, anachambua zilizokwisha kuchambuliwa.

Kina mama wa darasani walikuja kumjulia hali dada. Mmoja akasema kwa mzaha, afadhali sisi waume zetu tunawaua kwa maneno. Wakacheka. Zamda akacheka nao, akaenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Kesho. Kesho nitasema. Pakiti imebaki moja. Maneno nikiyaanza nitageuka mwalimu, nitaanza kueleza sodiamu. Afadhali nimwonyeshe.

Jumanne, 2 Septemba

Naandika ili mikono iwe na kazi. Niandike kwa mpangilio.

Alasiri dada alitoka kwenda kutoa mkono wa pole, nyumba ya tatu. Zamda hakwenda darasani, siku hizi haendi. Nikamwita jikoni. Akasema ameambiwa apumzike. Nikamwambia, mama Najiat, njoo.

Nikatoa halumi. Nikaikata mbele yake. Sikuiloweka. Nikakausha, nikapaka mafuta, nikawasha. Alisimama akiegemea mlango, mikono ndani ya kanga, ananitazama mimi badala ya mashine. Nadhani aliona jinsi nilivyojua kila kitu kilipo, kitambaa, koleo, digrii. Mtu hajui hivyo kwa mara ya kwanza. Ilipolia nikageuza bila kuangalia saa.

Nikamwekea kipande kwenye kisosi. Nikasema, onja.

Alikula ncha tu. Akaacha kutafuna. Ulimi ambao haujaonja chumvi tangu Ramadhani hauhitaji kuelezwa. Niliona macho yake yanafumba kwanza kwa utamu — Mungu anisamehe, kwanza ilikuwa utamu — halafu yakafumbuka, yakaniangalia, na kila kitu kikawa kimejulikana jikoni mle bila neno.

Akauliza kwa sauti ndogo: viazi?

Nikasema ndiyo. Ndivyo hivyo viazi.

Na uliniambia umenisamehe.

Hapo nikazisikia ndala za dada uani. Zamda alizisikia kabla yangu. Alininyang'anya koleo mkononi. Alinisukuma kwa kiwiko, taratibu, nikajikuta karibu na dirisha kama mtu aliyepita kuchukua maji.

Dada akaingia. Harufu gani hii? Nani anakaanga?

Ni mimi, wifi, Zamda akasema. Namwonjesha ya Najiat.

Dada akachukua kipande, akalamba, akakitema kwenye kiganja. Chumvi tupu! Akakaa kwenye kigoda. Akasema amenyamaza tangu Jumapili, lakini sasa hanyamazi. Baada ya magadi, na hii? Wifi, una nini na ndugu yangu? Zamda alikuwa ameinamisha kichwa, koleo mkononi. Hakunitazama hata kidogo. Angenitazama ningesema. Naamini ningesema. Sina hakika.

Dada akasema kesho Issa, yaani mimi, anarudi naye Kigwa, Maulidi watasoma hukohuko, na akae mpaka presha ishuke. Tena afadhali abaki kule. Atampigia Najiat amweleze mama yake alivyo.

Zamda akasema, sawa wifi. Nitampangia nguo.

Hapo ndipo tulipo. Zamda yuko humu chumbani. Amevuta begi uvunguni, anakunja mashati yangu moja moja, anayapiga pasi kwa kiganja. Vidonge vyangu ameviweka juu kabisa, nivione. Hajaniuliza kwa nini. Hajalia. Dada amesimama mlangoni na kanga yake ya kutokea, anamwelekeza: hilo la mikono mirefu, kule kuna mbu. Anaitikia, ndiyo wifi.

Sasa amefika kwenye kanzu. Ameishikilia. Ananiuliza mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya miaka yote, kama nina kitu kingine cha kutia kabla hajafunga zipu.

Wote wawili wananitazama. Naweka kalamu chini.