Harusi Isiyoruhusu Simu

Umoja One,
Nairobi.
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Kweyu,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Vivian na kijana wetu Andati. Baridi ya huko Halifax imewaachia? Na mgongo wako uliokusumbua wakati wa theluji unaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu kutoka Butere. Magoti bado yanamuuma, lakini juzi alinipigia simu kunieleza kwamba maharagwe yote ya msimu huu ameyapanda kwa mkono wake, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kusifiwa. Nilimsifu mpaka akaridhika.

Najua utashangaa kupata bahasha yenye stempu ilhali namba yangu unayo. Ni kwamba habari niliyo nayo ni ndefu, na kila nikianza kukutumia sauti kwa WhatsApp ninajikuta nikipiga kelele. Kaa chini basi, usome polepole.

Kwanza asante kwa filamu za kamera ulizompa Carolyne aniletee. Zilifika salama, na hukosei kuniita mkaidi. Tangu nilipokuwa msichana wa kiwanda cha biskuti nimekuwa na kamera ile ile ya chuma uliyokuwa ukigombania kunibebea tukienda Uhuru Park Jumapili. Haina betri, haina chochote cha kunisaidia. Mwanga naukisia mwenyewe, lenzi naizungusha mwenyewe. Watu wamenizawadia simu za kila aina ili niiache. Siwezi, Kweyu. Ule mlio wake ninapobonyeza bado unanifurahisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikutaka kukutia wasiwasi nalo. Mwaka jana jicho langu la kulia, lile la kuchungulia, lilianza kufunga ukungu. Unakumbuka katikati ya kioo cha kamera kuna kiduara kinachokata sura ya mtu vipande viwili, na unazungusha lenzi mpaka viungane? Havikuungana tena. Nilipiga ubatizo mzima pale kanisani na watoto wote wakatoka kama moshi. Nikaifunga kamera kwa leso, nikaiweka juu ya kabati, na kusema kweli nililia.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Februari nikapasuliwa. Siku ya kufunguliwa bandeji niliketi kitandani nikatazama kalenda ya ukutani, na nikasoma mpaka maandishi madogo ya chini. Nilimkumbatia nesi wa watu bila kumwomba ruhusa.

Hata hivyo kamera sikuigusa. Niliogopa. Nilijiambia, ikiwa vile vipande bado haviungani, nitafanya nini? Ikakaa juu ya kabati mpaka Qamar alipobisha mlango.

Qamar ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, yule mwenye duka la vitambaa. Alikuja na binti yake Ifrah, ambaye mwezi uliopita aliolewa. Kwao Wasomali kuna sherehe ya akina mama peke yao, ambapo wanavua mabuibui, wanasuka nywele, wanavaa dhahabu na kucheza. Hawataki sura zao zizagae kwenye simu za watu, na wana haki. Ila Ifrah alitamani kumbukumbu.

Akaniambia, "Auntie Triza, simu zote zinabaki mlangoni. Lakini yako haina mtandao, na unaosha picha mwenyewe kwako. Si utupige wewe tu?"

"Ifrah, jicho langu limetoka tu kupasuliwa," nikamwambia. "Nikikuharibia je?"

"Ukiharibu, basi. Lakini mtu mwingine sitaki."

Kweyu, ungekataa? Walipoondoka nilipanda kiti, nikaiteremsha kamera, nikaielekeza kwenye mlango wa jirani. Nikazungusha lenzi. Vipande vikasogea, vikasogea, vikaungana tap! Nilicheza pale sebuleni peke yangu.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi mmoja wa Kayole, juu ya maduka. Mlangoni binamu yake Ifrah, Sabrin, alisimama na beseni la plastiki akikusanya simu kwa ukali wa askari. Aliikagua kamera yangu mbele na nyuma, akatafuta kioo cha kuonyesha picha, akakikosa, akacheka na kunipisha. Ndani, mdogo wangu, kulikuwa na rangi! Na filamu zangu ni za nyeusi na nyeupe! Lakini sikujali. Akina mama walikuwa wakicheza buraanbur, ngoma yao ya wanawake, mmoja anaghani na wengine wanapiga makofi, nami nazunguka katikati yao nikitokwa jasho kama bibi harusi ni wangu.

Pembeni, karibu na dirisha, aliketi mama yake Qamar. Sote hapa mtaani tunamwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa lugha yao. Nilipomwelekezea kamera aliinua kiganja.

"Picha yangu ipo," akasema. "Ile ya kambi. Moja inatosha."

Alimaanisha ile ya kitambulisho cha ukimbizi, aliyopigwa walipoingia Kenya. Nimewahi kuiona. Ni mwanamke aliyechoka, basi.

Nikamwambia, "Ayeeyo, ile ulipigwa ukiwa kwenye foleni. Hii utapigwa ukiwa unamwoza mjukuu wako."

Kiganja kikashuka polepole. Hakutabasamu. Ndipo Ifrah akaingia, vigelegele vikapasuka, na Ayeeyo akageuka kumwangalia, mwanga wa dirisha umemjaa usoni. Nilibana pumzi nikabonyeza.

Kuosha ndiko kulikonitoa roho. Unajua choo changu ndicho chumba changu cha giza cha kuoshea filamu. Niliziba dirisha kwa blanketi, nikaitia filamu kwenye kopo lake, nikamimina dawa. Wakati wa kuisuuza ukafika, nafungua mfereji: kimya! Maji yamekatwa, na mtungi wangu ulikuwa umepata ufa, umevuja wote. Dawa ile ikikaa kupita kiasi picha zinageuka nyeusi tititi. Nilifungua mlango nikapiga ukemi kwenye korido kama niliyeona moto, "Maji! Jamani, maji!"

Mama Wangeci wa mkabala alitoka na ndoo ya mtoto wake aliyekuwa akiogeshwa. Qamar akapanda ngazi mbio na birika la maji yake ya udhu, nyuma yake Sabrin na mitungi miwili. Hata kinyozi wa pale chini alileta dumu lake. Nilisuuza, nikatia dawa ya pili, nikasuuza tena, huku wote wamejazana mlangoni wakiuliza, "Zimepona? Zimepona?"

Nikaifungua filamu, nikaiinua penye mwanga. Kweyu, zilikuwa kali! Kila ushanga, kila kidole chenye hina! Nilipiga yowe, nao wakapiga yowe ingawa hawakuwa wameona kitu.

Picha za akina mama siwezi kukutumia, nimewaahidi, na negativu zote, yaani filamu zenyewe, nimemkabidhi Ifrah, isipokuwa ile ya Ayeeyo. Nimekutilia ile ya mitungi iliyopangwa koridoni baada ya vita. Itazame vizuri, uone kama jicho la dadako limepona.

Juzi nilimpelekea Ayeeyo picha yake, niliyoichapisha kubwa. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho. Kisha akasema kitu kwa Kisomali, na Qamar akaweka kikombe chini ghafla. Nikamuuliza Qamar amesema nini.

"Anasema, 'Huyu ni mama yangu.'"

Nilidhani uzee umemchanganya. Lakini Ayeeyo akanigeukia, macho yamejaa machozi, akasema kwa Kiswahili, "Mama hakupigwa picha hata siku moja. Alizikwa Kismayu. Nilikuwa nimesahau uso wake. Sikujua ninao mimi."

Kisha akaniomba nimchapishie nyingine kama hiyo: moja iwe yake, na moja iwe ya mama yake. Nimemchapishia leo asubuhi, na inakauka kwenye kamba ninapokuandikia.

Nisalimie Vivian sana, na umwambie Andati shangazi yake anamdai barua ya Kiswahili. Mungu awalinde nyumbani na njiani, na akurejeshe kwetu ukiwa na afya ya kumbeba Mama mgongoni.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Triza