Sisi Tunashauri Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi tena uani mwa kituo. Ngao juu, mguu mbele, hakuna kukimbia, hakuna kusogea bila amri ya mkuu wa kituo. Nimerudia mpaka sauti imenikauka. Sajini wao, binti asiyecheka ovyo, akauliza: mkuu asipokuwepo je? Nikamwambia mkuu hakosi kuwepo. Jibu langu mwenyewe sikulipenda.

Mume wangu kapiga simu. Ananitania: eti mimi, kamishna mzima wa polisi, kwenye hii kazi ya kulinda amani siruhusiwi kumwamuru hata koplo wa hapa, nashauri tu — wakati nyumbani hata chumvi naitolea amri! Nimecheka mpaka dereva akageuka.

Jumatano, 5 Machi

Majirani wameanza kuchomeana nyumba. Familia zinaingia uani kwetu na magodoro, na kuku. Mkuu wa kituo anasema hawa watatuponza. Nimemshauri — ndiyo, nimemshauri — awaweke nyuma, kwenye gereji. Kakubali shingo upande.

Alhamisi, 6 Machi

Simu ya makao makuu. Bosi kaanza na asali: cheo changu kipya kimeiva. Kisha shubiri: washauri wote turudi kambini kesho asubuhi. Na watu wa uani? Hao ni kazi ya polisi wa nchi hii, kasema. Nikithubutu kutoa amri, cheo kwaheri, narudishwa nyumbani.

Nimekasirika. Na cheo nakitaka, nisijidanganye.

Ijumaa, 7 Machi

Gari letu liko mlango wa nyuma, linanguruma. Mkuu wa kituo hajaonekana tangu alfajiri, simu kazima. Kundi liko langoni, mapanga na madumu ya petroli. Askari wamejipanga vile vile nilivyowafundisha. Ngao juu, mguu mbele. Hawakimbii. Hawasogei pia. Wanangoja amri, na wa kuitoa hayupo.

Naandika nimeegemea ukuta. Naogopa. Kule gereji mtoto analia, mamaye anamziba mdomo.

Sajini kanijia. "Mama, tufanyeje?"

Nikaanza: nakushauri...

"Mama, askari hawa hawasogei kwa ushauri."

Dereva anapiga honi. Bawaba moja ya lango imeng'oka. Nimempungia mkono aende. Ananitumbulia macho. Nimempungia tena.

Nakohoa kidogo, nisafishe koo —